Barua Iliyoniteua kwa Tarehe ya Uongo

Nilitia sahihi. Hilo nililikiri wiki iliyopita, na wasomaji walionitumia ujumbe wa kunilaani hawakunionea.

Kwa anayenikuta leo kwa mara ya kwanza: naitwa Tofiki. Nilikuwa mkufunzi wa somo la Haki na Ustawi wa Jamii katika chuo kimoja kidogo hapa Kilindoni, madarasa matatu ndani ya lililokuwa ghala la mbata. Mkuu wa chuo ni Mansuri, kaka wa mke wangu. Karani wake ni Ummy, mke wangu mwenyewe. Watu walikuwa wakituita chuo cha ukoo, nasi tulikuwa tukicheka.

Aziza alikuwa mwanafunzi wangu. Binti kutoka Bwejuu, miaka ishirini na mitatu, surua ilimharibu macho tangu utotoni. Huona mwanga na vivuli vya watu, maandishi hayaoni. Alikuwa akisoma kwa simu: ukimpa kitu kilichochapwa vizuri, simu yake inakisoma kwa sauti.

Aliniomba noti mara tatu.

Mara ya kwanza nilimwambia wiki ijayo. Mara ya pili nikampigia picha daftari langu la zamani, mwandiko wa kalamu, kidole gumba changu kikiwa kimeziba nusu ya ukurasa. Simu yake ikamwambia, "Picha. Picha. Picha." Mara ya tatu alinifuata mbele ya darasa zima, nami nikamjibu, "Aziza, hapa ni chuo, si hospitali." Darasa likacheka.

Na mada aliyokuwa akiiomba siku hiyo ilikuwa sheria ya watu wenye ulemavu. Mimi ndiye niliyekuwa naifundisha.

Mtihani ulipofika nilimpa karatasi ileile ya wenzake na dakika kumi za nyongeza. Akapata alama kumi na tisa kwa mia. Mwisho wa muhula ikaja fomu ya kila mkufunzi: je, umewapatia wanafunzi wote vifaa wanavyoweza kuvitumia? Nikamuuliza Mansuri niandike nini.

"Weka tiki, shemeji," alisema. "Hizi hakuna anayezisoma."

Nikaweka tiki, nikatia sahihi. Aziza akaliandikia baraza linalosimamia vyuo. Wiki iliyopita niliishia pale barua ya wakaguzi ilipotua mezani kwa Mansuri.

Siku moja kabla hawajafika, Mansuri aliniita kwake baada ya sala ya alasiri. Tulikaa barazani, mvua ya masika inapiga bati. Akanimiminia kahawa kwa mkono wake.

"Wameniuliza nani anawajibika," alisema.

"Umewajibu nini?"

"Sijajibu. Kesho tutasema neno moja. Chuo ni kidogo, hatukuwa na mafunzo, tunaomba muda wa kurekebisha. Mambo ya fomu niachie mimi. Mimi ndiye mkuu, nitalibeba."

"Wakiniuliza kuhusu yule binti?"

"Wewe nyamaza. Nimekuangusha lini, Tofiki?"

Kweli, hakuwa ameniangusha hata siku moja. Ndiye aliyenitoa Baleni nilikokuwa nauza nazi na shahada yangu ikiwa sandukuni. Ndiye aliyeniozesha dada yake. Tukasoma Fatiha pale barazani, tukapangusa nyuso zetu, nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi kama mtu aliyepona homa.

Asubuhi wakaguzi wawili walitua na ndege. Mkubwa wao alikuwa mwanamke, mwanasheria, Bi Shani. Mwenzake alikuwa kijana wa kuandika. Walikaa maktaba, chumba chenye rafu mbili. Upande mmoja nilikaa mimi na Mansuri. Upande wa pili Aziza, peke yake, simu yake mapajani.

"Shikamoo mwalimu," Aziza alisema aliposikia nimekohoa.

"Marahaba," nilijibu.

Bi Shani hakupoteza muda.

"Sheria iko wazi," alisema. "Chuo kina wajibu, na mkufunzi ana wajibu. Nataka kujua hapa kwenu mwanafunzi mwenye ulemavu akiwa na shida, anamwendea nani? Jina."

Nikangoja Mansuri aseme maneno yetu ya barazani. Chuo ni kidogo. Hatukuwa na mafunzo.

Mansuri akafungua faili, akatoa karatasi moja nyeupe, akaisukuma mezani.

"Anamwendea Mwalimu Tofiki," alisema. "Ndiye mratibu wetu wa wanafunzi wenye ulemavu. Nilimteua miaka miwili iliyopita kwa barua hii, na aliipokea kwa sahihi yake. Tangu siku hiyo hakuniletea ombi hata moja. Mimi nilijua mambo yanakwenda vizuri."

Sikuelewa mara moja. Niliisikia ile "Mwalimu Tofiki" kwanza. Kwa miaka tisa hajawahi kuniita hivyo.

"Shemeji, unasema nini?"

"Hapa hakuna shemeji," Bi Shani alisema. "Hii sahihi ni yako?"

Akanigeuzia karatasi. Tarehe nne Machi, elfu mbili ishirini na tatu. Unateuliwa kuwa mratibu. Utahakikisha noti, mitihani na vifaa vinawafaa wanafunzi wote. Utawajibika kwa upungufu wowote.

Chini, sahihi yangu. Ile T yangu yenye mkia mrefu.

"Sahihi ni yangu," nilisema. "Lakini barua hii naiona leo."

Mansuri akatikisa kichwa taratibu, kama baba anayemsikitikia mtoto mwongo.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Wiki mbili nyuma Ummy alirudi na rundo la karatasi za mitihani. Nilikuwa nakula. "Tia sahihi hizi, zinatakiwa asubuhi," aliniambia. Nikanawa mkono harakaharaka, nikasaini zote nane bila kusoma hata moja.

Sikumtaja. Ungekuwa wewe ungemtaja mkeo?

Bi Shani akamgeukia Aziza, akamtaka aeleze. Aziza akaeleza. Hakuongeza chumvi, hakulia. Alisema noti aliomba lini, nilimjibu nini, picha zilikuwa ngapi. Alipofika kwenye neno la hospitali alilisema kwa sauti yangu hasa, na yule kijana aliyekuwa akiandika akaacha kuandika.

"Je, uliwahi kuambiwa kwamba Mwalimu Tofiki ni mratibu?" Bi Shani alimuuliza.

"Hapana. Ningeambiwa ningejua mapema kwamba sina pa kwenda." Akanyoosha mkono. "Naomba nami niisome hiyo barua."

"Huo ni waraka wa ofisi," Mansuri alidakia. "Na atasomaje?"

"Atasoma kama anavyosoma siku zote," Bi Shani alisema, akampa.

Aziza akasogea dirishani penye mwanga. Akaitandaza karatasi kwenye kizingiti, akainua simu juu yake, akatulia. Ikasikika sauti ya mwanamke asiye mtu, inayotamka Kiswahili kama mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege jana. Ikasoma jina la chuo. Ikasoma sanduku la posta. Ikasoma tarehe, uteuzi, majukumu, jina la Mansuri, jina langu.

Mimi nilidhani imemaliza. Sote tulidhani imemaliza.

Ikaendelea.

"Barua ya mratibu, mpya, mbili. Mchapaji, Ummy. Tarehe kumi na mbili Mei, elfu mbili ishirini na tano. Ukurasa wa kwanza kati ya mmoja."



"Rudia," Bi Shani alisema.

Aziza akarudia. Bi Shani akainuka, akaenda dirishani, akaiinamia ile karatasi mpaka pua ikakaribia kuigusa. Kule chini kabisa, kwa wino wa kijivu, palikuwa na herufi ndogo kama sisimizi: jina la faili, aliyechapa na siku aliyochapa. Kompyuta ya Ummy huziweka yenyewe kwenye kila inachochapa. Tumeziona miaka yote, hatujawahi kuzisoma. Mwenye macho huishia kwenye sahihi. Simu ya Aziza haina adabu hiyo, husoma kila kilichoandikwa.

"Kumi na mbili Mei," Bi Shani alisema. "Siku tatu baada ya barua yetu kuwafikia."

Nikasema moyoni, Mansuri leo umekwisha.

Mansuri hakutikisika.

"Ya mwanzo ililowa," alisema. "Mwaka juzi paa lilivuja. Karani akaichapa upya, mwalimu akaisaini upya. Kama ni kosa kutoeleza hivyo kwenye barua, aulizwe karani. Ni mke wa huyu huyu Mwalimu Tofiki."

Bi Shani akatutazama mmoja mmoja.

"Karani tutamsikia kesho saa tatu. Nanyi wote muwepo."

Tulipotoka, Mansuri alinishika mkono ukumbini, kwa upole, kama tunavyoshikana tukitoka msikitini.

"Sikiliza," alisema. "Mimi sikugusa kompyuta. Ukisema barua ni ya kughushi, aliyeghushi ni mkeo, na kughushi ni jinai. Hiyo ni polisi, si baraza. Ukisema barua ni ya kweli, utapewa onyo, utahamia bara, mambo yatapoa."

"Ni dada yako, Mansuri."

"Ndiyo maana nakuomba umlinde," alisema, akaniachia mkono.

Nilipanda bodaboda mpaka nyumbani. Ummy alikuwa ua wa nyuma, amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa asiende kazini. Sasa nilielewa kwa nini.

"Uliichapa wewe?"

Hakuuliza ipi.

"Niliichapa."

"Ulijua ni ya nini?"

"Kaka alisema ukiwa mratibu wa chuo, kosa linakuwa la ofisi, si lako wewe. Alisema ni kinga yako."

"Na tarehe? Tarehe ya mwaka juzi nayo ni kinga?"

Akaendelea kukuna. Kifuu kilikuwa kimekwisha nyama, alikuwa anakuna gamba.

"Tarehe nilijua ni uongo," alisema.

"Ukaniletea nikiwa nakula."

"Nikakuletea ukiwa unakula. Nilijua hutasoma."

Nimepigwa na mengi, lakini hilo ndilo lililoniketisha chini. Mansuri alinisaliti kwa sababu alikuwa na kiti cha kukilinda. Ummy ananijua. Alijua saa yangu ya njaa, alijua uvivu wangu, akaipitishia barua humo.

"Miaka tisa, Ummy. Ungeniambia neno moja tu."

"Ningekwambia ungekimbilia wapi? Kwake. Kila kitu unamkimbilia yeye." Akanyanyua macho. Yalikuwa mekundu tangu kabla sijafika. "Na mimi je? Baba alipofariki nilikuwa na miaka sita. Nilikwenda shule nimekaa nyuma ya baiskeli ya Mansuri mpaka nikamaliza darasa la saba. Aliponiambia chapa, nikachapa. Sijui kumkatalia. Sijawahi kufundishwa."

"Kwa hiyo mimi ndiye wa kuuzwa."

"Wewe?" Akacheka, kicheko kikavu. "Yule binti ulimwambia chuo si hospitali?"

"Nani amekwambia?"

"Wewe. Ulirudi jioni ile ukanisimulia hapa hapa, unacheka."

Nikatazama chini, kwenye machicha ya nazi.

"Na mimi nikacheka," Ummy alisema. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kuliko barua."

Jioni alipika wali, hakuna aliyeula.

Asubuhi alitangulia kutoka. Nilimkuta maktaba, ameketi nyuma karibu na mlango, buibui jeusi, mikono juu ya mkoba. Mansuri alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha jana. Aziza naye alikuwa dirishani, palepale alipoisomea barua.

Bi Shani alipofungua tu kikao, nikaomba kuzungumza kwanza. Mansuri akanitazama kama anayesema, mwerevu.

Nikasimama. Nikasema yote. Nikasema Aziza aliniomba noti mara tatu, na mara tatu nilikuwa na muda. Nikasema kuchapa zile noti kungenichukua Jumamosi mbili, na Jumamosi hizo nilikwenda kutazama mpira. Nikasema fomu niliijaza uongo nikijua ni uongo. Nikasema somo ninalofundisha ndilo linalonihukumu.

"Aziza," nilisema, "nimekukosea. Sikuombi unisamehe mbele za watu. Nataka tu iandikwe."

Aziza alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyofanya akisikiliza simu. Uso wake ukalegea kidogo. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi niliona kama kuna kitu kimetengenea.

"Imeandikwa," Bi Shani alisema. "Sasa tuje kwenye barua. Nani aliitunga, na kwa amri ya nani?"

Nyuma yangu nikasikia mkoba wa Ummy ukifunguliwa na kufungwa. Nikaona kituo cha polisi. Nikaona jina lake kwenye jalada.

"Mimi," nilisema.

Bi Shani akavua miwani. "Wewe?"

"Niliitunga mimi. Nikaichapa kwa kompyuta ya mke wangu, yeye hana habari."

"Ngoja nikuelewe. Ulijiteua mwenyewe, ukairudisha tarehe nyuma miaka miwili, ukaandika kwamba utawajibika kwa upungufu wote, ili leo uadhibiwe?"

"Ndiyo."

"Mmemsikia," Mansuri alisema haraka. Ile hadithi yake ya paa kuvuja aliisahau palepale.

Aziza akageuza uso wake kuelekea sauti yangu.

"Mwalimu," alisema polepole, "nilidhani leo umemaliza kusema uongo."

Sijawahi kupigwa kofi kwa sauti ndogo namna ile. Kwa sababu nilikuwa nimeshaona, nikiwa bado nimesimama, nilichokifanya. Nikimwokoa Ummy kwa njia hii, Mansuri anatoka msafi. Chuo kinabaki mikononi mwake. Muhula ujao atakuja Aziza mwingine, na fomu nyingine isiyosomwa na mtu, na karani atakayeambiwa chapa.

Nyuma yangu kiti kikakwaruza sakafu.

"Mheshimiwa," ilikuwa sauti ya Ummy, "mume wangu hawezi hata kuiwasha ile kompyuta. Niliichapa mimi."

"Ummy, kaa chini," Mansuri alisema.

"Mwache," Bi Shani alisema. "Mama, uliichapa kwa amri ya nani?"

Mansuri akainuka. Hakupaza sauti. Alimsemesha kama tunavyomsikia akimsemesha siku ya Idi, nyumba nzima ikiwa imekusanyika.

"Ummy. Nimekulea."

Ummy alikuwa amesimama katikati ya chumba, mimi kushoto kwake, kaka yake kulia. Aliutazama uso wangu, akautazama wa Mansuri. Kisha akatuacha sote wawili, akamtazama yule binti dirishani, ambaye alikuwa ametulia tuli akingoja kusikia.

Nilitaka kumwita jina lake. Nilitaka kumwomba. Nikakumbuka kwamba ndani ya chumba kile, mimi ndiye mtu wa mwisho mwenye haki ya kumwomba yeyote aseme kweli.

Kalamu ya yule kijana ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Kwa amri ya nani?" Bi Shani aliuliza tena.

Ummy akafungua kinywa. Alichojibu nitakisimulia wiki ijayo.